Kigugumizi cha Marehemu

Skrini ilikuwa na joto, na plagi yake ilikuwa mkononi mwa fundi.

Huo ndio ulikuwa mwanzo, na kama ningekuwa mimi, ungekuwa pia mwisho: ningeiweka plagi chini kwa adabu, ningefunga mlango kwa nje, na leo ningekuwa nauza nyanya mji mwingine kwa jina la bandia. Lakini fundi huyu hakuwa mimi. Alibandika tena kiganja kwenye kile kioo kinene, kama mzazi anayepima homa ya mtoto, akasema peke yake, "Jua limepiga hapa." Kisha akalitazama dirisha. Dirisha la karakana yake lilikuwa limezibwa na makasha ya kompyuta kuukuu kuanzia chini hadi juu. Jua lingetaka kuingia humo lingelazimika kubisha hodi.

Na chumba kilinukia mawaridi.

Watu walimwita Skrapu, naye alikuwa ameshaacha kukasirika. Nimetembea kidogo, na kila mji niliopotea ndani yake nimemkuta mtu wa namna hii: wenzake wakitupa, yeye anaokota. Sebule ilikuwa imegeuka karakana. Kulikuwa na kompyuta za rangi ya maziwa zilizogeuka njano kama meno ya mvuta sigara, kibodi nzito ambazo ungeweza kumpiga nazo mwizi akakuomba radhi, na nyaya zilizojisokota kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Kazi yake ilikuwa kutoa humo vitu ambavyo wenyewe walidhani vimekufa: picha za harusi, tasnifu, michezo ya utotoni. Mkewe, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa ameisalimisha nyumba yote isipokuwa jikoni na chumbani.

"Wenzangu wameolewa na wanaume wenye wanawake wa nje," alikuwa akisema. "Wangu ana maiti za ndani."

Kompyuta yenye homa ilikuwa ya Bi Mkunga.

Alikuwa ameileta wiki hiyo hiyo, ikiwa imefungwa kwa shuka, yeye mwenyewe akitembea mbele ya mchukuzi na kumwelekeza kama anayemwelekeza mjamzito ngazini. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mfupi, mwenye mikono mipana na sauti iliyozoea kupita kwenye kuta. Nusu ya mtaa ule alikuwa ameipokea yeye duniani, na aliwasalimia watu wazima kwa kuwakumbusha walivyotoka.

"Shikamoo mama," Skrapu alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayefufua?"

"Sifufui, mama. Natoa tu kilichobaki ndani."

"Basi kazi yetu moja." Akaketi bila kukaribishwa. "Ndani ya hii kuna sauti ya mume wangu. Alikuwa mpiga chapa, hii ilikuwa ya dukani kwake. Siku moja alijirekodi akiniita, akitaka kunichekesha nikirudi kazini. Basi. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki."

"Ilikaa wapi muda wote huu?"

"Stoo, nyuma ya duka lililofungwa. Hata panya walikuwa wameshahama." Sauti yake ikapungua. "Picha zake ninazo mpaka za kugawa, mwanangu. Sura haijanitoka. Sauti ndiyo inayonitoka. Juzi nimekaa nikajaribu kuikumbuka, ikanijia ya yule mtangazaji wa taarifa ya habari. Sasa mimi nitakufaje, mume wangu ananiita kwa sauti ya taarifa ya habari?"

Skrapu alitaka kucheka, akaona macho yake, akaacha.

Akaifungua kompyuta siku hiyo hiyo. Diski ilikuwa imekwama, kile kijiti kinachosoma kikiwa kimegandana na sahani yake kwa kukaa miaka bila kazi. Akailegeza kwa subira, kwa kuizungusha kidogo kidogo kwenye kiganja, mpaka ikakohoa na kuanza kuzunguka. Hapo akafanya anachofanya kila fundi mwenye akili katika kazi hii: hakugusa kitu chochote ndani yake. Diski ya mgonjwa inaweza kufa wakati wowote, kwa hiyo kwanza unatoa nakala, neno kwa neno, kipande kwa kipande, vizima na vibovu. Nakala moja ya kufanyia kazi, ikae chini ya meza. Nyingine ya akiba, ikae rafuni. Na nyingine ilale nyumba tofauti kabisa, maana nyumba huungua. Hiyo ya mwisho, kama kawaida yake, aliipeleka kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza magodoro, ambaye aliitia kabatini chini ya mashuka na kuuliza kama kawaida yake, "Shemeji, na hii nayo ni ya maiti?"

Kesho yake ndipo skrini ilipopata homa.

Alimwambia mkewe kwamba ni hitilafu ya umeme. Mkewe akamuuliza, umeme upi, wa plagi iliyo mkononi? Akasema kuna vyuma vinatunza chaji. Mkewe akamuuliza, na mawaridi nayo yanatunzwa na chuma gani? Skrapu akasema ana kazi nyingi.

Bi Mkunga aliitwa kuja kusikiliza mchana wa siku ya tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, taa imewashwa kwa sababu ya giza la mawingu. Mwalimu alileta chai na kubaki mlangoni na sinia, maana hata waliokataza maiti ndani hupenda kusikia zikisema. Skrapu aliunganisha spika, akaishika mausi, na kabla hajabonyeza, sauti ya mwanamume, nzito, laini, kama asali inayomwagika, ikasema:

"Tarumbeta wangu. Umechelewa leo."

Uso wa Bi Mkunga ulifunguka kama mlango. Jina hilo alikuwa amepewa na mumewe kwa sababu ya sauti yake, iliyokuwa ikisikika kutoka wodi ya wazazi hadi geti la hospitali, na hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kumwita hivyo. Mkono wake ukaenda wenyewe hadi kwenye spika, ukaishika kama unavyoshika shavu la mtu.

Kisha uso ukajifunga.

"Zima."

"Mama?"

"Zima, nimesema. Huyo si yeye."

"Lakini sauti si..."

"Sauti ni yake. Mume wangu alikuwa na kigugumizi." Alisema polepole, kama anayemwambia mjamzito habari nzito. "Tangu utotoni. Duniani kumejaa majina mafupi, yeye akaenda kunichagulia Tarumbeta, na katika maisha yetu yote hakuwahi kulimaliza kwa pumzi moja. Tulikuwa tunalingoja pamoja, mimi na yeye, jina langu, mpaka lifike."

Spika ikacheka kidogo.

"Nimepona, Tarumbeta," ikasema. "Huku nilipo, watu hupona."

Sinia likaanguka mlangoni. Skrapu aliitazama skrini, akaona kwamba faili lilikuwa bado halijafunguliwa, mshale umesimama pale pale alipouacha, na alipoushika waya wa spika ili auvute akaona ncha yake imechomoka, iko sakafuni, haijaingia popote, imelala kati ya vipande vya vikombe na chai iliyokuwa ikitambaa kuelekea miguu yake, na ile harufu ya mawaridi ikapanda kutoka kwenye vyuma vyote chumbani kwa pamoja, kutoka kwenye makasha yaliyoziba dirisha, kutoka kwenye kibodi, kutoka ndani ya nyaya, nzito, tamu, ya maua yaliyowekwa kwenye maji mpaka maji yakaoza, na sauti ikaendelea, bila kuvuta pumzi, kwa sababu haikuwa na pumzi ya kuvuta:

"Nilikuta nyumba tupu, nikaingia. Msinilaumu. Gofu ni gofu, liwe la mawe au la chuma. Humo nikakuta sauti ya mtu imelala peke yake, nikailea. Tarumbeta, niache nikae. Kila jioni nitakuambia unachotaka kusikia. Sitakwama hata neno moja. Lakini mkinitoa, natoka nayo."

Bi Mkunga alikuwa bado ameishika spika, na Skrapu na mkewe waliona vile vidole vipana visivyotaka kuachia. Mvua ikapiga bati. Mwisho akaviondoa, kimoja kimoja.

"Nitarudi kesho," akasema, na hawakujua alikuwa anamwambia nani.

Mwalimu hakungoja kesho. Aliposikia nyayo za Bi Mkunga zimetoka uani, alimgeukia mumewe akanong'ona, "Baba watoto, kuna mtaalamu."

"Mtaalamu wa kompyuta?"

"Wewe usinichekeshe na mimi natetemeka."

Mtaalamu alifika asubuhi kwa pikipiki, miwani ya jua usoni, chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mganga wa kweli, sitaki kumkosea heshima. Nimewahi kuwatembelea waganga kadhaa kwa ajili ya mgongo wangu, na najua anayejua na anayebahatisha. Huyu alijua. Bi Mkunga naye alikuwa ameshafika, amekaa pembeni, mkoba mapajani. Mganga aliizunguka kompyuta ya marehemu kwa moshi wa ubani, akaisemesha kwa sauti ya chini, akaibembeleza, akaitisha, akaiapiza. Diski ikaanza kulia kama mbu. Mlio ukapanda, ukapanda, ukawa uzi mwembamba ndani ya masikio ya kila mtu, kisha ukakatika. Kitu kikapita kati yao kuelekea mlangoni, joto tupu, kama pumzi ya tanuri.

"Limetoka," mganga akasema, akifuta jasho.

Skrapu akaichungulia diski haraka. Ilikuwa nyeupe. Hakuna faili, hakuna kipande kibovu, hakuna chochote. Jini lilikuwa limetimiza neno lake: lilitoka nayo. Alimtazama Bi Mkunga, akatikisa kichwa. Bi Mkunga akainamisha chake.

"Poleni," mganga akasema. "Lakini nyumba ni safi."

"Ametoka nani?" ikauliza rafu.

Hakuna aliyejongea.

"Mimi nipo," ikajibu sauti nyingine, ile ile, kutoka chini ya meza. "Huyo wa rafuni ni nani?"

Mganga alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, na mwenye familia. "Fundi," akanong'ona, "ulifanya nini?"

"Nilitoa nakala," Skrapu akanong'ona pia. "Ni utaratibu wa kazi. Huwezi kushika ya asili kabla..."

"Jini moja likiingia nyumbani ni msiba. Wewe umelipiga chapa!"

"Sikujua kama..."

"Mimi natoa majini, ndugu yangu. Kiwanda sitoi." Na pikipiki ikasikika ikiwaka kabla mlango haujajifunga. Chetezo alikiacha. Mpaka leo mwalimu hupanda maua ndani yake.

Mwalimu alikuwa amemshika mumewe mkono kwa namna ambayo hakumshika tangu uchumba. "Tuondoke," akamsihi. "Tuiache nyumba. Na hizo takataka zako zote tuziache."

Skrapu alizitazama takataka zake. Na hapo, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa amekubali kuitwa Skrapu, ambaye muuza magodoro alimcheka kila sikukuu, akajikuta hataki kabisa kuondoka. "Haya niliyaokota mimi, moja moja," akasema. "Hilo halikuokotwa na mtu. Liondoke lenyewe."

"Umesema vizuri," Bi Mkunga akasema, akasimama. "Ziweke mezani, zote mbili. Zikabiliane."

Akavua saa, akakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Mwalimu, ambaye wanawe wote walipitia mikononi mle, alipoiona ile namna ya kukunja akajikuta amekaa chini.

Diski mbili zilikaa mezani uso kwa uso, hazina waya, hazina umeme, zikizunguka.

"Nani kati yenu ni mume wangu?"

"Mimi, Tarumbeta."

"Mimi, Tarumbeta. Huyu ni nakala."

"Nakala ni wewe. Mimi nilitolewa kwanza."

"Mnagombana kama wake wenza," Bi Mkunga akasema. "Ngojeni. Mimi si mtu wa kudanganywa na kitoto cha kwanza kulia. Anayetaka kukaa aniite kama alivyoniita yeye."

"Tarumbeta," zikasema zote mbili, laini kama hariri.

"Hapana. Kwa kigugumizi."

Diski zikapunguza mwendo.

"Kwa nini uitake dosari?" moja ikauliza, kwa upole mbaya. "Sisi tumekutolea miiba yote."

"Nani alikutuma unitolee?" Sasa ile sauti yake, ile ya kupita kuta, ilikuwa imeamka, na makasha dirishani yakatetemeka. "Uliingia kwa mtu amelala, ukamnyoosha ulimi, ukaniletea mgeni aliyevaa nguo za mume wangu! Ile dosari ndiyo niliyoolewa nayo. Alipokuwa anakwama alikuwa ananitazama, ewe moto usio na kope, alikuwa ananitazama mpaka neno lije, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama muda mrefu vile. Unasema ukitoka unatoka na sauti. Toka nayo! Sikufugi kwa ajili yake. Lakini kwanza niite, kama wewe ni mwanamume!"

Na majini, kama watu wengi ninaowajua, huweza kuvumilia moto na laana, lakini hayawezi kuvumilia kudharauliwa mbele ya wenzao.

"T," ikaanza diski moja.

"T," ikaanza ya pili, haraka, isipitwe.

Kigugumizi ni kazi ya pumzi: pumzi inafika kooni, inakuta mlango umefungwa, inarudi, inabisha tena. Kiumbe cha moto hakina pumzi wala koo, na kitu kisicho na koo kikijifunga mlango wa koo hakijui kuufungua, kwa hiyo diski ikasema t, ikasema t tena, na vijiti vyake vikaanza kugonga ndani, tik, tik, tik, ule mlio ambao kila fundi wa kazi hii huusikia ndotoni, mlio wa diski inayokufa, na ya pili ikauitikia, tik, tik, zikigonga kwa pamoja, zikiruka juu ya meza kama sufuria zilizofunikwa, harufu ya mawaridi ikigeuka kuwa harufu ya nywele zinazoungua, taa ikififia na kuwaka, mwalimu akiziba masikio, Skrapu akiishika meza isije ikatembea, na Bi Mkunga ameinama juu yake, mikono imefunguliwa, akisema kwa sauti ya wodini, "Haya, haya, sukuma, usirudi nyuma, sukuma!"

Na ghafla, katikati ya mgongano ule, ikatoka sauti nyingine. Ndogo. Ya mbali, yenye mikwaruzo ya kipaza sauti cha bei rahisi.

"T-t-ta... ta... aah, jamani... t-ta..." Na kicheko. Kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe na kujua kuna anayemngoja.

Bi Mkunga alinyoosha mikono yote miwili.

Tik. Na kimya.

Joto likapita mlangoni, mara mbili, likisukumana. Skrapu alizigeuza diski. Zilikuwa baridi, na zilipotikiswa zikachakacha ndani kama njuga: sahani zilikuwa zimesagika. Hapo hakuna fundi, wala wa dunia hii wala wa nyingine.

"Mama," akasema, "hazitoi kitu tena. Nisamehe."

Bi Mkunga alikuwa amekaa. Machozi yalikuwa yanashuka lakini mdomo wake ulikuwa unafanya kitu kingine. Ulikuwa unajaribu, bila sauti, ule mwanzo wa jina lake. "Umesikia lakini?" akauliza. "Lilipokwama, lilimwachia. Kidogo tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilivuta mapema. Kosa la mwanafunzi hilo. Kinapokwama huvuti. Unangoja kilegee."

"Haidhuru, mama," mwalimu akasema, naye analia. "Yameisha."

Skrapu alikuwa amesimama katikati ya karakana na uso wa mtu aliyetoka safari akakumbuka jiko. Kuna kitu alikuwa amekisahau, na kila alipozihesabu diski mezani, moja ilipungua.

Simu ikaita. Ilikuwa ya mwalimu. Akaitazama, akaweka sauti wasikie wote.

"Dada," alisema muuza magodoro. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananong'ona, na inaonekana amejifungia mahali. "Shemeji yupo? Muulize ile diski aliyoniwekea kabatini. Mbona nyumba nzima inanukia mawaridi? Na dada... kuna mwanamume ndani ya mashuka. Ananiuliza Tarumbeta ni nani, na kwa nini amechelewa."

Mwalimu alimtazama mumewe kwa jicho ambalo sina uwezo wa kuliandika.

Bi Mkunga alikuwa ameshasimama. Alivaa saa yake, akaona bado atahitaji mikono, akaivua tena na kuitia mkobani. "Mapacha," akasema, kama mtu aliyekuwa akishuku tangu mwanzo. "Mmoja bado yumo, na huyo ndiye aliyeshika sauti. Fundi, chukua kinasa sauti, na safari hii ukitoa hata nakala moja nakukata mkono."

Akainamia simu.

"Baba, sikiliza. Mimi ni mkunga, na nakuja. Usimfungulie, usimjibu, na usimwambie hata neno kunihusu." Akafikiri kidogo, mkono mlangoni. "Na chemsha maji."